Matairi Yanayohama Gari Baada ya Ukaguzi

Saa kumi na mbili asubuhi mvua ya Aprili inapiga mabati ya Nyakato, jijini Mwanza, na Modesta Machibya amelala chali chini ya basi dogo aina ya Costa, juu ya kiroba kilichopasuliwa. Anapapasa tairi la nyuma akitafuta mifereji yake. Haipo.

"Kipara," anasema akitoka, tope mgongoni. "Kwenye lami iliyolowa hili ni sabuni."

Ndani wameketi ndugu ishirini na sita wanaokwenda Muleba kumzika mama wa familia yao. Jeneza limetangulia tangu jana. Maziko ni leo saa kumi.

Modesta, 39, mzaliwa wa Kisesa na mama wa watoto watatu, ameendesha magari ya kukodi kwa miaka kumi na moja. Kwa safari kama hii hupata shilingi 40,000. Asiposafiri, hapati kitu.

Anampigia mmiliki.

"Kwani wewe ni dereva au fundi?" sauti inafoka. "Gari lina stika ya ukaguzi ya wiki iliyopita!"

"Bosi, stika haikanyagi barabara."

Stika hiyo ina kisa chake, na kinatia hasira. Madereva wanne waliozungumza na gazeti hili wanasema baadhi ya wamiliki huchangia seti moja ya matairi mapya. Siku ya ukaguzi, seti hufungwa kwenye gari la kwanza. Likipita, hufunguliwa na kupelekwa kwa la pili. Matairi yale yale yanapita mara saba, nane, halafu abiria wanapakiwa juu ya vipara. Mvua ikinyesha, wanaoteleza ni watu, si stika.

Masika iliyopita, Elias, dereva mwenzake Modesta, aliacha njia kwenye mteremko baada ya Biharamulo. Alikatwa mguu.

"Wakasema uzembe wa dereva, kwa sababu gari lilikuwa limekaguliwa," anasema Modesta. "Mtu kapoteza mguu, na lawama kabebeshwa yeye!"

Asubuhi hii, hata abiria hawako upande wake. Eugenia, binti mkubwa wa marehemu, anachungulia dirishani.

"Dada, mama yetu anazikwa leo! Kama unaogopa mvua si ungebaki jikoni?"

"Pole sana na msiba, dada yangu. Hebu shuka, uguse mwenyewe."

Eugenia anashuka, anakunja kitenge, anapitisha kiganja kwenye tairi. Kisha ananyoosha mkono aombe simu, azungumze na mmiliki.

"Shikamoo, mzee. Sisi tumelipia Costa, jeneza la pili hatujaliagiza. Lete matairi, au rudisha hela zetu sasa hivi."

Baada ya saa moja na nusu, guta la mizigo kutoka kwa mmiliki linaingia na matairi sita mapya. Modesta anasimamia yakifungwa, anajaribu waipa, taa na breki, anapakia sepeto na kamba. Kabla ya kuwasha anageuka.

"Wazee wangu, fungeni mikanda. Sizidi sitini. Penye ukungu natambaa. Maji yakikatisha barabara nasimama, mmoja wetu anapima kwa fimbo kwanza. Anayetaka mbio aseme, nimshushe hapa hapa."

"Twende, mwanangu," anajibu mzee mmoja wa nyuma. "Marehemu mwenyewe alikuwa hapendi mbio."

Walifika saa tisa na nusu.

Shukrani aliyoipata Modesta Mwanza? Mmiliki aliyafungua matairi yale mapya siku ile ile Modesta aliporudi, akamwambia akapumzike "mpaka nitakapokuita." Wiki ya tatu sasa hajaitwa. Alipopigiwa simu na gazeti hili, mmiliki huyo alisema madereva wa siku hizi wanapenda visingizio, akakata.

Modesta hajakaa kulia. Amewashawishi madereva kumi na wanne wadai kila tairi lichomwe namba ya gari lake, ubavuni, mbele ya mkaguzi, ili lisifungwe kwenye gari jingine.

"Kwetu ng'ombe akipigwa chapa ya moto hahami zizi kimyakimya," anasema. "Tairi lina ugumu gani? Wamiliki wananicheka, wanasema naleta mambo ya ufugaji mjini. Wacheke. Vyuma vya chapa nimeshachongesha kwa fundi. Jumatatu navipeleka mwenyewe uwanja wa ukaguzi, na Elias ananisindikiza na magongo yake. Atakayevikataa, amkatalie Elias usoni."