Siku Tano za Kulthumu

Tarehe 9 Aprili 2025, siku ya Jumatano, Hamidu, dereva wa teksi, alifariki nyumbani kwake Rumonge. Hati ya kifo iliyotolewa na komine, yaani serikali ya eneo, inaithibitisha siku hiyo, na hakuna aliyeipinga.

Mjane wake, Kulthumu, ni muuza ndagala, dagaa wa ziwani, mwenye umri wa miaka arobaini na sita. Alijifunza udereva ukubwani, akifundishwa na Hamidu katika njia za vumbi kati ya michikichi ya Kigwena. Mwezi wa Februari walijiandikisha wote wawili katika mashindano ya madereva wasiowahi kushindana, yaliyopangwa kufanyika Gatete tarehe 24 Agosti. Huko gari la kawaida huingia uwanjani peke yake, likapinda kati ya matairi yaliyopakwa chokaa huku sekunde zikihesabiwa.

Baada ya mazishi Kulthumu aliingia eda: miezi minne na siku kumi asitoke bila dharura. Warithi walikubaliana kuwa eda ikiisha, na mashindano yakipita, ile Toyota ya Hamidu iuzwe. Gatete ikabaki kuwa mara yake ya mwisho kushika usukani wa gari hilo.

Mdogo wa marehemu, Ismaili, ambaye ni fundi, alilitengeneza gari uani. Kulthumu aliketi nyuma ya pazia la mlango akimwelekeza. Kwanza waliondoa vipande vya mpira ambavyo Hamidu alivishindilia kwenye springi za nyuma, ili gari lisilale kwa uzito wa bidoni, yale madumu ya mawese. Kisha Ismaili akafunga betri upya, akakaza nati za magurudumu na kubadilisha mafuta ya breki.

“Shemeji, pedali iko inalegea bado?” Kulthumu aliuliza.

“Hapana. Mafuta ya zamani yalikuwa meusi kama kahawa.”

“Kanyaga tena. Kaka yako alikuwa anakanyaga mara tatu.”

“Nimekanyaga mara kumi! Ungekuwa mukubwa wa garaje, mafundi wote tungekimbilia Kongo.”

Kulthumu alicheka. Kwa maelezo ya Ismaili, hicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu mazishi.

Kanuni ya mashindano ilitaka pia kitolewe kila kitu kisichofungwa. Ismaili alivipitisha chini ya pazia kimoja kimoja: kitambaa cha kufutia kioo, kandambili ya mguu wa kushoto, kofia ya Hamidu.

“Kofia haiwezi kubaki?”

“Itaruka kwenye kona, shemeji. Watatukatalia gari.”

Kofia ilivutwa ndani.

Tarehe 10 Agosti, gari likiwa tayari, Ismaili alileta habari mbaya. Uwanja ulikuwa umehitajika kwa shughuli nyingine. Mashindano yangefanyika wiki moja mapema, tarehe 17. Kulthumu aliinuka akatazama kalenda ya famasi iliyotundikwa ukutani, ambayo juu yake alikuwa akifuta siku kwa kalamu tangu Aprili. Eda yake ilikuwa inaishia tarehe 19.

“Siku mbili tu,” Ismaili alisihi. “Nani atahesabu?”

“Mimi nitahesabu.”

“Basi nikuendeshee?”

“Majina yaliyoandikwa kule ni langu na la kaka yako. Liache gari.”

Jumapili ile gari lilishinda uani, namba yake ya mashindano ikiwa imebandikwa mlangoni.

Siku iliyofuata alifika Batuli, mwalimu wa madrasa ya wanawake, aliyekuwa Kigoma tangu Mei akimuuguza mama yake.

“Mwenzangu, mbona bado uko ndani?”

“Kesho namaliza.”

Batuli alitaka kujua Hamidu alifariki lini. Alipoambiwa, alihesabu kwa vidole, akahesabu tena.

“Alikufa siku ya kumi ya Shawwal. Eda inakwenda kwa mwezi unaoandama, Kulthumu, si kwa mwezi wa famasi. Ulimaliza Alhamisi.”

“Alhamisi ipi?”

“Iliyopita. Tarehe 14.”

Batuli anasema Kulthumu hakulia. Aliiondoa kalenda ukutani, akaikunja vizuri, akauliza kama Jumapili huhesabiwa kuwa baada ya Alhamisi, kama mtu aliyesahau mpangilio wa siku.

Jumatano alimwomba Ismaili ampeleke Gatete. Matairi yalikuwa yamekwisha kuondolewa, na mbuzi walikuwa wakila majani uwanjani. Kulthumu alihamia kiti cha dereva, akafunga mkanda, akakaa mikono ikiwa juu ya usukani. Baadaye aliufungua mkanda.

“Tupinde wapi?” alimuuliza Ismaili. “Hakuna pa kupinda.”

Gari lilinunuliwa wiki hiyohiyo na mtu wa Kabonga. Waandaaji hawajatangaza mashindano mengine. Orodha ya matokeo ya tarehe 17 Agosti inaonyesha magari kumi na moja. Mbele ya jina la Kulthumu pako wazi. Angemaliza kwa sekunde ngapi, au kama angemaliza, haijulikani.