Mama Kafi Hasikii

Kwa miaka kumi na tisa watu wa kambi ya uvuvi walimwona Mama Kafi kuwa mwanamke wa maringo. Waongozaji wenzake wakipishana naye mtoni walimpigia mluzi wa salamu, naye anapita zake kana kwamba hakuna mtu. Wakimwita kutoka gatini, hageuki. Wakamsema, wakachoka, wakamwachia maringo yake. Yote hayo aliyajua na hakukanusha hata siku moja. Aliona afadhali aitwe mtu wa maringo kuliko aitwe kiziwi.

Masikio yalimharibikia utotoni. Yalitoa usaha msimu mzima, yakapona vibaya, na tangu hapo kila mwaka yakawa yanafunga kidogo. Alijifunza kusoma midomo. Ukikaa mbele yake, mnapiga soga vizuri tu hadi chai inapoa, hutashuku kitu. Mumewe, fundi cherehani, ndiye pekee aliyekuwa na siri hiyo. Nyumbani, akitaka kusema jambo, aligonga meza kwanza, mkewe akainua macho, ndipo yakaanza mazungumzo au ugomvi, kutegemea siku.

Kazi yake ilikuwa kuwapeleka wageni kuvua kambare wakubwa, wale wa kilo arobaini na hamsini wanaolala kwenye mashimo ya chini ya mto. Pale hawauawi. Samaki hupimwa kwa utepe ubavuni mwa boti, hupigwa picha akiwa ndani ya maji, kisha huachiwa. Mgeni analipia mapambano na picha. Mwongozaji kazi yake ni kujua leo shimo lipi lina mwenyewe. Wenzake walitegemea mashine ya kuonyesha samaki, yenye kioo chake kama simu. Yeye alizima injini, akazamisha kafi lake majini, akaegemeza mpini kwenye mfupa wa taya, chini ya sikio, akafumba macho. Sauti zilizokataa kupita sikioni zilipita mfupani. Kambare akijisugua kwenye changarawe, alimsikia. Akikoroma, alimsikia. Wageni walidhani ni uganga, na walimpiga picha zaidi kuliko samaki.

Mambo yalimwendea mrama msimu wa baridi, ukungu ulipokuwa mzito mtoni. Mwongozaji mmoja alimpigia mluzi wa hatari, mara tatu, na Mama Kafi akaendelea kumjia moja kwa moja hadi boti zao zikagongana ubavu. Hakuumia mtu. Lakini yule mwongozaji alikuwa na mdomo, na jioni ile ile kambi nzima ilijua kwamba yale ya miaka yote hayakuwa maringo.

Meneja alimwita ofisini, chumba chenye dirisha moja na fimbo za kuvulia zilizoegemezwa kila kona. Alimkalisha kiti kizuri, jambo ambalo peke yake lilimtia Mama Kafi wasiwasi. Akamweleza kwa upole kwamba kuanzia Jumatatu atahamia chumba cha kufulia, kupiga pasi mashuka. Kazi ya kivulini, isiyo na hatari. Aandike tu barua kwamba ameomba mwenyewe kwa sababu za afya.

Mama Kafi alimjibu kwamba haumwi. Akasema kama meneja anataka kujua nani anafaa kukaa nyuma ya boti, kesho apande aone, na hiyo mashine yake aibebe.

Nyumbani mumewe aligonga meza. Alimsihi akubali, yaishe kwa heshima. Pasi nayo ni kazi, mama watoto. Mama Kafi alimwambia apige pasi yeye, aliyezoea nguo. Wakala chakula bila kuangaliana, naye akalala ana hasira na mtu asiye na kosa.

Asubuhi walipanda watatu. Mbele alikaa meneja na mashine mapajani. Katikati alikaa mgeni, daktari wa meno mstaafu, mtu mfupi mwenye kofia kubwa, aliyetamani kwa miaka kambare wa kupita urefu wake mwenyewe. Mashine ilionyesha samaki karibu na matete. Mama Kafi hakuitazama. Aliacha boti ichukuliwe na maji, kafi likiwa tayani, akapita shimo la kwanza, akapita la pili. Kwenye la tatu alitupa nanga na kumwonyesha daktari kwa kidole pa kutupia chambo.

Hazikupita dakika kumi, fimbo ikapinda hadi ncha ikagusa maji. Daktari alijikaza kisabuni kwa karibu saa nzima, jasho likimdondoka puani. Kambare alipoinuka ubavuni mwa boti, kichwa chake kilikuwa kipana kama sinia, na hata meneja alisahau mashine yake. Mama Kafi aliinama, mikono miwili majini, akamshika mdomo. Kilichobaki ni utepe.

Huko nyuma yake mto ulikuwa unashusha gogo, mti mzima uliong'olewa na mvua za juu. Meneja aliliona. Alipiga kelele, akapiga tena, akamwita na kwa jina. Mama Kafi aliendelea kumbembeleza samaki. Gogo liligonga nyuma ya boti kwa kishindo, daktari akaanguka kwa makalio, mshipi ukakatika, na yule kambare akazama zake bila kupimwa.

Meneja alikuwa na uso wa mtu aliyepata ushahidi wake na hakuufurahia. Mama Kafi alihisi aibu ikimpanda hadi masikioni, masikio yale yale, na ndipo akakasirika kwelikweli.

"Sisikii," alisema. "Mimi ni kiziwi. Miaka kumi na tisa nimewaficha, na mngejua ningekuwa napiga pasi tangu siku ya kwanza. Sasa nisikilizeni nyinyi mnaosikia. Ukiniita, piga mguu sakafuni. Ubao unaniambia. Ungepiga mguu mara moja, ningegeuka, na huyu daktari angekuwa na picha yake."

Daktari, akiwa bado amekaa kwenye maji ya sakafuni, aliinua kiatu na kukigonga ubaoni. Mama Kafi akageuka kumtazama.

"Nilikuwa najaribu," daktari alisema. "Kesho nakwenda na huyu."

Meneja alimjibu kwamba hilo ataliamua yeye. Akamuuliza Mama Kafi wageni wengine waambiwe nini. Mama Kafi akasema waambiwe hivyo hivyo, hakuna haja ya kumung'unya maneno.

Pale gatini palikuwa na ubao ambapo kila jioni huandikwa waongozaji na wageni wao wa kesho. Jioni ile jina lake halikuwapo. Alichukua chaki akaliandika mwenyewe, na chini yake akaongeza: KIZIWI. PIGA MGUU. Waongozaji wenzake walisoma, wakatazamana. Hakuna aliyecheka, ingawa yule mwenye mdomo alikuwa karibu.

Alfajiri alikuta ubao umefutwa. Umefutwa kwa kitambaa kibichi, na safi kabisa. Hakuuliza ni nani. Alikwenda stoo ya vifaa, akachukua kopo la rangi nyekundu wanayoandikia namba za boti, na brashi nene, akarudi. Aliandika maneno yale yale polepole, herufi za ukubwa wa kiganja, ubao mzima, bila kubakiza nafasi ya jina la mtu mwingine. Rangi ile haitoki hata kwa petroli. Kisha akaupa ubao mgongo, akaanza kupakia chambo na fimbo botini.

Meneja alishuka kutoka ofisini na kuuona ubao. Daktari, aliyekuwa akisubiri na kofia yake, alisimulia baadaye kwamba meneja alisema mengi, na kwa sauti kubwa: kuhusu mali ya kambi, kuhusu nidhamu, kuhusu Jumatatu. Mama Kafi aliendelea kupanga fimbo. Meneja akamwita kwa jina lake la utani, kisha kwa jina lake kamili. Mama Kafi aliweka fimbo za mshipi mnene upande mmoja, za mshipi mwembamba upande wa pili.

Halafu mbao za gati zikatetemeka chini ya nyayo zake, mara moja, kwa nguvu.

Mama Kafi aliweka fimbo chini, akageuka, akamtazama meneja mdomoni.

"Ehe," alisema. "Nakusikiliza."