Swali la Alama Tatu

Mimi ni mwepesi wa hasira, na ulimi wangu hausubiri ruhusa. Nalisema mapema ili msije mkanihurumia.

Kwa miaka miwili nimecheza ligi ya maswali kwenye simu pamoja na rafiki yangu, fundi redio wa Amani, niliyesoma naye chuo kimoja cha Kurani na skuli moja. Mimi nauza madaftari na kalamu Mkunazini. Kila siku saa tatu za asubuhi maswali sita huingia kwenye kundi, na majibu sharti yafike kwa msimamizi kabla ya magharibi. Wachezaji wako Unguja, Pemba, Mombasa, mpaka Maskati. Hakuna zawadi. Ukishinda unapanda daraja, ukishindwa unashuka, basi.

Sharti kubwa ni moja: usitazame mtandaoni wala usiulize mtu. Chini ya majibu yako unaandika "Sikutazama". Mwanzoni watu walikuwa wakiapa wallahi, mzee mmoja akakataa, akasema Mungu haapiwi kwenye michezo. Tukabakia na neno letu tu, na neno hilo ndilo ligi yenyewe.

Kila siku unapangiwa mtu wa kushindana naye, na wewe ndiye unayeyapa maswali yake alama. Swali unaloona atalijibu kwa urahisi unalipa sufuri. Lile unaloamini hataliweza kabisa unalipa tatu, kwa sababu alama hizo anazipata akijibu sawa tu. Kwa hiyo anayeshinda ni yule anayemjua mwenziwe. Nami nikijigamba kwamba rafiki yangu namjua kuliko anavyojijua mwenyewe.

Siku hiyo tulipangiwa mimi na yeye. Nikimshinda, naingia daraja la kwanza. Nilikuwa nalitaka daraja hilo, msinione hivi. Mtu mzima wa miaka hamsini na nane nilikuwa naliota.

Swali la mpira nililipa sufuri, maana yeye kakua akisikia kelele za uwanja wa Amani. La karafuu, moja. La mwisho lilisema hivi: mgonjwa asiyeweza kujigeuza kitandani ageuzwe kila baada ya muda gani ili asipate vidonda? Nikacheka peke yangu dukani. Nilipopelekwa kushonwa mguu, miaka ile ya ujana, aliyezimia ni yeye! Mtu huyo hapiti hata barabara ya hospitali. Nikampa tatu.

Usiku majibu yakatolewa. Rafiki yangu alikuwa kaandika: "Kila saa mbili. Na akilazwa ubavu, awekewe mto baina ya magoti." Nikashindwa kwa alama moja.

Lo! Mto baina ya magoti! Nani kaulizwa habari za mto? Nikasema huyu kanakili neno kwa neno. Palepale, mbele ya kundi zima, nikaandika: "Mwenzetu katazama. Mimi namjua, hili halijui." Laiti ningelala kwanza.

Baada ya muda yeye akaandika: "Ni kweli. Nimetazama. Nisameheni." Msimamizi, mwalimu mstaafu asiyejua mzaha, akamtoa kwa msimu mzima, nami nikapewa ushindi na daraja langu. Nililala vizuri, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Siku ya pili, tunakula chakula cha mchana, nikamhadithia mke wangu kwa raha zangu zote. Nilipofika kwenye mto akaacha kula.

"Mkewe kapooza upande mmoja," akasema. "Mwezi wake wa tatu huu yuko kitandani. Mumewe ndiye anayemkosha, anayemlisha, anayemgeuza. Wewe hujui?"

"Ntajuaje? Kila nikimpigia namuuliza nyumbani hawajambo, ananambia hawajambo!"

"Ulitaka akujibu nini, na wewe uko dukani na wateja wako?"

"Na wewe mbona hukunambia?"

"Mgonjwa mwenyewe kaomba sitara, hataki watu waende kumtazama alivyo. Nikajua ukipata habari utaipeleka barazani."

Na ningeipeleka kweli. Sisi ndivyo tulivyolelewa: mke wa mtu humuulizi. Unauliza nyumbani, unajibiwa hawajambo, mnaendelea na mpira. Miezi mitatu rafiki yangu hakushuka mjini, akinambia redio zimemzidi, nami nikaamini kwa kuwa kuamini kulikuwa rahisi. Mwanamme yule alikubali kuitwa mwongo mbele ya watu mpaka walioko Maskati, kuliko kuyataja maradhi ya mkewe. Niliona haya, nikalirejesha tonge sahanini.

Nilitaka kuandika ukweli kwenye kundi mara moja. Mke wangu akanizuia mkono. "Ukiandika hivyo utamvua nguo mara ya pili," akasema. Basi nikakaa na simu mpaka alasiri, naandika nafuta. Mwisho nikapeleka haya: "Jana nilimsingizia mwenzangu. Hakutazama. Kakubali kosa lisilo lake ili yaishe. Nilishindwa, nikaona uchungu." Hapakuwa na uwongo ndani yake, na mgonjwa hakutajwa.

Msimamizi hakunibembeleza. Rafiki yangu akarejeshwa, mimi nikatolewa msimu mzima, na wengine wakaniandikia maneno ambayo yalinistahiki.

Haikupita robo saa simu ikalia. Alikuwa yeye.

"Yakhe, nani kakwambia?"

"Hakuna aliyenambia."

Nikasikia maji yanamiminwa kwenye beseni.

"Lile swali uliniwekea ngapi?"

"Tatu."

"Ningekuwa wewe ningeweka tatu vilevile," akasema. "Usiku naweka simu iniamshe. Saa nne, saa sita, saa nane. Nikichelewa kidogo tu namkuta macho, ananingoja, na sauti ya kuniamsha hana. Maswali yale ndiyo kitu changu pekee cha mchana kutwa. Nayajibu nimesimama, mkono mmoja."

Nikamwomba msamaha, kwa maneno niliyokuwa sijawahi kumwambia mwanamme mwenzangu. Nikamwambia mimi siwezi kuingia kwa mkewe, lakini mke wangu anaweza. Atakuja kila siku saa tatu, atakaa na mgonjwa mpaka saa tano, na yeye atoke nje na simu yake, ajibu maswali yake amekaa kitako.

Niliogopa atakataa. Miaka yote namjua ni mtu wa kukataa.

"Mwambie asichelewe," akasema.