Jiwe la Gari la Mjomba

Mdogo wangu, sina mvi za kukuita mwanangu, lakini mvua zinakaribia tena, gari la mjomba litalala bandani mpaka barabara zikauke, na safari hii linabaki mikononi mwako. Niruhusu nizeeke kidogo leo. Naanza na kosa langu: nilivuta breki ya mkono, nikaivuta tena na tena, na nusura gari lile liuzwe kwa sababu hiyo.

Nakumbuka siku wingu la kwanza lilipotanda juu ya Nkowe. Mjomba alikuwa anaondoka kwenda Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Ndugu walishaanza kusema chinichini kwamba mtu wa fimbo hana haja ya gari. Yeye alinikabidhi ufunguo, akasema mvua zikiisha atarudi kuliendesha mwenyewe. Hakuongeza neno. Mimi, mtoto wa dada yake, nikaelewa kwamba akilikuta limekufa, watakaosema liuzwe watakuwa wameshinda.

Unanijua. Mimi nikifunga mlango, hurudi kuutikisa. Ufundi wangu nimejifunza kwenye simu, bila mwalimu, na kuuliza niliona aibu. Nikaliosha gari, nikaliacha likauke kabisa kabla ya kulifunika. Nikafagia kila chembe ya korosho chini ya viti, nisije nikawaalika panya. Nikajaza mafuta, nikajaza upepo matairi, nikachomoa waya wa betri. Hayo yote yalikuwa sawa. Ila sakafu ya banda letu la korosho, nilimolilaza gari, imeinama, na watu wa huku huweka jiwe kwenye tairi. Mimi nikaona jiwe ni la magari mabovu yanayosukumwa pale sokoni Ruangwa. Nikavuta breki ya mkono mpaka mwisho. Kisha kila asubuhi, kabla ya kwenda shamba, nilipita kuivuta tena, isije ikawa niliota tu kwamba niliivuta.

Mjomba alirudi barabara zikiwa zimekauka. Ndugu wakaja kumpokea, na naamini wengine walikuja kulitazama gari. Nikarudisha waya wa betri, injini ikawaka mara moja, nikavimba kichwa. Nikaachia breki, nikaingiza gia. Gari likanguruma, likatetemeka, halikusogea. Shemeji mmoja akasema gari lina huruma, limeamua kukaa nyumbani na mgonjwa. Watu wakacheka, na habari ya kuuza ikaanza upya, safari hii kwa sauti.

Mjomba alikaa juu ya kinu kilicholazwa, akaniita.

“Breki ya mkono uliivuta?”

“Ndiyo, mjomba. Kila siku.”

“Kila siku,” akarudia. “Hata mwizi hafungwi hivyo, baba. Breki ni ya gari linaloegeshwa. Linalolala huwekewa jiwe, breki ukaiacha ipumue.”

Unyevu ulikuwa umezishika breki za nyuma kwa kutu, zikang'ang'ania dramu, yale mabakuli ya chuma ndani ya magurudumu. Tukapiga jeki, tukatoa matairi, nikagonga dramu kwa nyundo taratibu, yeye akinionyesha kwa ncha ya fimbo, mpaka zikaachia. Alasiri aliketi kwenye usukani akaliendesha mpaka njia panda ya Mandawa. Kurudi niliendesha mimi, maana mguu wake ulikuwa umechoka. Lakini hakuna aliyetaja tena kuuza.

Basi, mwanangu, acha niseme mara hii moja: ngoma ikilia sana hupasuka. Ulichokabidhiwa kitendee kinachostahili, kisha ondoa mkono. Na usichokijua, uliza, hata kama utachekwa. Swali moja kwa mjomba kabla hajapanda basi lingetosha, nami nilikaa nalo kimya miezi yote ile.

Kesho naenda Nachingwea kazini. Mawe mawili yapo mlangoni mwa banda. Moja la mbele, moja la nyuma. Mungu akupe mkono mwepesi na usingizi mzito, na mjomba akute gari lake likimsubiri kila mvua ziishapo.

Mimi siku hizi naweka jiwe, naachia breki, nafunga banda mara moja, naondoka.