Gorogoro Moja kwa Simu Zote

Miaka hiyo, kabla simu za kugusa kioo hazijafika kwetu, kila simu Bungoma ilikuwa na tabia zake. Hii kioo kama stempu, ile kitufe cha kuchagua kiko kushoto, ya Kichina kiko kulia. Mimi, msomi wa kompyuta mwenye chumba cha kupanga Tuwan, Kitale, nilikuwa naandika programu ya kuwalinganishia wauza maharagwe bei za Chwele na za Kitale. Kwa kila aina ya simu nilinakili programu nzima, kisha nikairekebisha. Niliuona huo ndio ufundi, na shahada yangu haikupinga.

Dadangu, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Chwele, alikuwa amenidhamini mbele ya wenzake. Kiti chenyewe alikipata juzijuzi, na wapo waliokitaka.

Siku ya kujaribu, yeye na mweka hazina wakabonyeza pamoja.

"Yangu inasema tupeleke Kitale," akasema dadangu.

"Yangu inasema tuuze hapa hapa," akajibu mweka hazina. "Ati simu ya mwenyekiti inajua soko gani sisi hatujui?"

"Si ni ndugu yake aliitengeneza, bana!" mwingine akadakia. Wakacheka wote, isipokuwa dadangu.

Chwele gorogoro, lile kopo la kupimia maharagwe, hujazwa mpaka ifanye kichuguu. Kitale hupitishwa kijiti juu ikawa sawa, kwa hiyo Chwele muuzaji hutoa maharagwe zaidi kwa kila gorogoro. Hesabu ya kichuguu nilikuwa nimeiongeza kwenye kila nakala, ila nikaisahau ile ya simu za Kichina, kama ya mweka hazina.

"Nipe mpaka soko lijalo," nikaomba.

"Soko lijalo ndiyo tunaamua kama tutaitumia," akasema dadangu. "Ukiniangusha, usikuje kwangu kula."

Nikarudi Tuwan, nikafuta nakala zote. Bei, gorogoro na kichuguu nikaviandika mara moja, mahali pamoja, simu zote zichote hapo. Kila simu nikaiachia vitufe vyake na kioo chake tu. Sasa nikikosea, nilijiambia, angalau nitawakosea wote sawasawa.

Soko lilipofika wakabonyeza. Wakachunguliana, wakabadilishana simu, wakabonyeza tena.

"Zinasema kitu kimoja," akasema mweka hazina, kama mtu aliyenyimwa ugomvi. Mikono ikainuliwa kuikubali, wa kwake ulikuwa wa mwisho, lakini uliinuka.

Dadangu hakunisifu. Aliniambia tu nipitie nyumbani, kuna kuku. Firigisi akampa mumewe, kama ilivyo ada. Mimi nikapewa paja, nikalila mpaka mfupa ukang'aa.