Maneno ni yangu, sifa ni za Juma

Mume wangu ana mwanamke anayemsifu, na sifa zenyewe nimezisoma leo asubuhi nikiwasha jiko.

Salaam kwenu nyote wa baraza hili la kuandikiana barua kwa kompyuta. Mimi ni mke wa Juma wa Ukunda, yule mnayebishana naye.

Barua zenu huzichapisha hotelini kazini kwake na kuja nazo nyumbani. Akishazisoma, mimi huwashia makaa.

Leo nikaona jina. Zuhura, wa huko Ulaya.

"Kaka Juma, maneno yako nimeyasoma mara tatu. Mkeo ana bahati, anakusikiliza kila siku."

Bahati? Nina mtoto anayeota meno, sijalala siku tatu, na Juma nikimsemesha hunijibu "mm" tu.

Nikayatafuta hayo maneno matamu ya Juma kwenye karatasi zile, nikayapata. Kwamba rambirambi za kutumwa kwa kompyuta hazitoshi, kwa sababu hazimshiki mfiwa mkono wala hazimchotei maji.

Jamani, hayo niliyasema mimi, tukitoka matangani Msambweni. Yeye akaitika "mm".

Nikambeba mtoto mpaka hotelini, nikamwonyesha Juma karatasi.

"Sasa kosa langu nini, mama Asha? Si nilikuwa nikikusikiliza."

"Basi nisikilize mbele ya Zuhura. Mshike mtoto, nipishe kiti hapo kwenye kompyuta."

Dada Zuhura, ukiwa na swali la rambirambi, niulize mimi. Nanyi wengine mliomsifu, nijibuni kwa jina langu, Mwanamisi.

Juma amesimama nyuma yangu na mtoto begani, anauliza ninaandika nini.

Nimemwambia "mm".