Mwalimu Pole na Daftari la Unasihi

Mnasihi wa shule yetu tulimwita Mwalimu Pole, maana neno hilo halikumbanduka mdomoni. Mtoto akijikwaa, pole. Akipata sifuri, pole. Nilimtania kwamba siku moja atampa pole mkaguzi kwa kuja kutukagua. Yeye ni mwalimu wa hesabu. Unasihi alitwishwa tu, kwa kuwa kwenye kikao cha walimu ndiye pekee aliyeshindwa kukataa. Chumba chake kilikuwa stoo ya fagio na mipira, ukuta mmoja tu kati yake na darasa langu la tatu, basi nilimsikia mchana kutwa.

Hakuwauliza watoto kitu. Alimpa mtoto mpira aufute vumbi, naye akafuta wake, mpaka mtoto aanze kusema mwenyewe. Mimi nilidhani ni uvivu, na nilikosea.

Muhula wa pili, binti mmoja wa darasa langu alitia maji mdomoni, hasemi na mtu. Mama yake alikuwa amefariki hospitalini, na baba yake, fundi viatu, aliwaomba ndugu na majirani wasimwambie mtoto. Mama kasafiri, basi. Walimu nasi tulijua, tukanyamaza. Mimi ndiye niliyempeleka stoo.

Wiki tano walifuta mipira. Wiki ya sita nikasikia sauti yake, nikasimama na chaki mkononi. Alisema anajua mama amekufa, amejua tangu siku ya kwanza. Anajifanya hajui kwa sababu baba akimsimulia habari za safari ya mama huwa halii. Baba akigundua kuwa binti anajua, atalia. Ndiyo maana haongei, asije akateleza.

"Usimwambie mtu," akasema.

"Simwambii mtu," Mwalimu Pole akajibu.

Na hakumwambia mtu, Mungu ni shahidi. Aliandika. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Mkaguzi alikuwa amemfokea kwa kukuta daftari lake la unasihi jeupe, maana kila mazungumzo yalitakiwa yaandikwe humo na mkuu wa shule ayatie saini kila Ijumaa. Mtu wa hesabu haachi nafasi wazi, akajaza. Hata mimi nilimwona akiandika, nikamwambia afadhali, sasa watakuacha upumue.

Mkuu wetu si mtu mbaya, ulimi wake tu ndio hauna breki. Jumatatu akamshika mkono yule baba getini, mbele ya wazazi wengine, akampa hongera kwa kujaliwa mtoto jasiri, anayejua yote na bado anamlinda baba yake. Baba alisimama na mkoba wa mtoto begani, akalia pale pale, binti akimtazama. Loh! Kitu alichokilinda miezi mitatu, mtu mzima alikimaliza kwa salamu.

Alhamisi baba akaja kuchukua barua ya uhamisho. Binti anapelekwa kwa shangazi yake, mbali, kwa kuwa baba hawezi tena kumtazama usoni. Mwalimu Pole alipiga magoti barazani, akaanza kumweleza habari za mkaguzi, daftari, saini. Mtoto wa miaka tisa ataelewa nini hapo? Lakini alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nilikwambia wewe tu," akasema, akamfuata baba yake.

Shangazi mtu alipiga simu shuleni baada ya mwezi, akauliza kama mtoto huyu alizaliwa bubu. Nikampa mkuu simu.

Mwalimu Pole aliomba avuliwe unasihi, akakataliwa. Nani mwingine angekubali? Yumo stoo hadi leo, na watoto bado wanakuja. Neno pole sijalisikia siku nyingi. Juzi mtoto mmoja wa darasa la pili alifuta mpira humo karibu kipindi kizima, kisha nikamsikia anaanza, "Mwalimu, kule nyumbani..."

"Usiniambie, mwanangu," akamkatiza. "Nakuomba, usiniambie mimi."